Chungu cha Supu au Nyama ya Kuchoma Mezani?
Katika migahawa mingi ya Marekani inayotoza bei moja kwa kula hadi kushiba, mteja huchagua chungu cha supu cha Kichina, yaani supu inayochemka mezani ambamo mlaji hujipikia mwenyewe, nyama ya kuchoma ya Kikorea, ambayo mlaji huichoma kwenye jiko lililo mezani, au vyote viwili kwa nyongeza ya bei. Kwa kuwa muda wa kukaa mezani mara nyingi huwekewa kikomo, na anayebakiza chakula kingi huweza kutozwa, uchaguzi huo si wa kupuuzwa.

Chungu kina wepesi wake: nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi huiva kwa sekunde chache tu, huku uyoga na tofu (vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa) vikifyonza supu, ambayo kwa mtindo wa Sichuan, jimbo la China, huwa nyekundu kwa pilipili na punje zinazotia midomo ganzi. Kuchoma, kwa upande mwingine, kunahitaji mlaji mmoja awatumikie wenzake. Mafuta ya nyama ya tumbo la nguruwe hudondoka, moshi hupanda, na anayegeuza vipande kwa koleo ndiye hula mwisho (nguo zake nazo hurudi nyumbani zikinuka). Hata hivyo, kipande kilichokauka kingoni, kikifungwa ndani ya jani la saladi pamoja na kitunguu saumu, hakina mshindani chunguni. Mimi huanza na jiko njaa ingali kali, kisha nikahamia kwenye supu.