Matembezi ya mlango wa Mto Sabaki, Malindi: uzoefu wangu

Mgeni akija Malindi hupelekwa nguzo ya Vasco da Gama, kisha ufukweni, basi. Kilomita chache tu kaskazini kuna mlango wa Sabaki, na mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Nilitembezwa na vijana wa kijiji cha karibu. Nawasifu kwa jambo moja kubwa: wanayajua maji.

Kijana aliyetuongoza alipanga saa ya kutoka kwa kufuata maji, si jua. Maji yakipwa kabisa, matope hutanda mbali na ndege hutawanyika wakila; huwaoni ila vidoadoa. Yakianza kujaa, huwasukuma kutoka fungu la mchanga hadi fungu jingine mpaka wabanane kwenye mchanga uliobaki, karibu nawe. Heroe, membe, shakwe, na wale wadogo wa miguu myembamba wanaokimbia baridi ya Ulaya na Urusi wakaja kukaa nasi wakati wa upepo wa kaskazi. Wakati wa upepo wa kusi nako kuna mgeni wake, ndege wa kahawia anayezaliana Madagaska. Mafunguni usiende peke yako, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, maana maji huzunguka nyuma yako hujajua.

Viboko tuliwaona upande wa juu wa mto. Mwenzetu aliomba tusogee apate picha, kijana akakataa katakata. Hapo nikamwamini zaidi.

Wengi huona maji mekundu wakadhani ni uchafu. Ni udongo wa bara. Mto huu huanzia huko karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukipokea Tsavo unakuwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Udongo huohuo umejenga mafungu na kuotesha michu, aina ya mikoko, lakini ukizidi hufunika matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968. Ninaumia nikifikiri kwamba mlima ukifyekwa mbali huko, matumbawe yetu ndiyo yanayolipa.

Nyota nimewapa nne kati ya tano. Darubini ilikuwa moja kwa kundi zima, tukawa tunangojeana huku ndege wanaruka. Ukiwa na yako, ibebe.

Ukivaa kandambili zitabaki matopeni. Vaa viatu vya kufunga, chukua maji ya kunywa na kofia, kwa sababu ukishayapita mikoko hakuna kivuli. Bei mpatane kabla ya kuondoka.