Kufaili ritani za miaka ya nyuma kwenye iTax: uzoefu wangu

Naandikia wale ambao PIN yao ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato Kenya, ilifunguliwa wakati wa kuomba HELB, mkopo wa chuo, halafu ikakaa tu, juu nimepitia hii safari na nimemaliza. iTax yenyewe, ule mtandao wa KRA wa kutuma ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka), inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyosema, shida kubwa ni nani anafaili ritani kwa niaba yako na anaandika nini.

Nilifunguliwa PIN 2018 nikiingia chuo, na hakuna mtu alituambia kwamba ukishapewa hiyo namba unatarajiwa kufaili kila mwaka kabla ya 30 Juni, hata kama mwaka mzima hukuingiza shilingi. Miaka ikapita. Mwanzoni mwa 2025 kaunti ikatangaza kazi na wakataka zile karatasi za Sura ya Sita ya katiba, ile ya uadilifu, yaani za HELB, CRB (rekodi za mikopo), EACC (tume ya kupambana na ufisadi), cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi), na TCC ya KRA, cheti kwamba uko sawa na kodi. Kuomba TCC, inakataa, ritani za miaka kadhaa hazipo na faini zimekaa hapo zinangoja. Kwa mtu binafsi kuchelewa ni 2,000 kwa kila mwaka, au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa kama hiyo ndiyo kubwa.

Kabla ya yote pasiwodi. Saiba, yaani duka la intaneti, iliyonifungulia PIN iliweka imeili yao wenyewe, kwa hivyo ukibonyeza umesahau pasiwodi, ujumbe unaenda kwao na hao walishafunga biashara zamani! Nilienda Huduma Centre Mombasa, kituo cha huduma za serikali, na kitambulisho, yule mama wa dawati la KRA akanibadilishia imeili na namba ya simu palepale, bure, na akanieleza pole pole nianze na mwaka wa zamani zaidi nikija mbele. Nampa maksi zote, alikuwa na foleni ndefu na bado hakunikimbiza.

Saiba nyingine ndiyo ilinikasirisha. Kijana akaangalia akasema "siste tunapiga nil zote, saa hii tunamaliza, mia mbili mia mbili kila mwaka". Nikakataa. Nil ni ritani ya kusema hukupata mapato yoyote. Miaka ya chuo sawa, sikuwa na mapato, nil ni ya haki. Lakini 2022 na 2023 nilikuwa nimeajiriwa, PAYE, kodi ya mshahara, inakatwa kila mwezi, na mwajiri ameshaipeleka KRA kwa PIN yangu, sasa mimi nikituma nil nasema sikulipwa kitu na wao wanaona mshahara wangu huko ndani. Huo ni uongo umewekwa kwa jina lako na utakuja kuurekebisha wewe, kwa kufaili tena kama ritani iliyorekebishwa, si yeye. Inauma kwa sababu watu wengi wanafanyiwa hivi kila Juni na wanalipia.

Basi nikafanya mwenyewe. Za nil ni rahisi, unaingia kwenye Returns, unachagua File Nil Return, unaweka 01/01 ya ule mwaka na tarehe ya mwisho inajijaza, unatuma, unashusha risiti. Za kazi zinataka P9, karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi uliyokatwa mwaka huo, na hapa ndipo nilisumbuka maana mwajiri wangu wa zamani alinizungusha wiki na wiki mpaka nikaenda kukaa ofisini kwao. Ukiipata unajaza ile fomu ya Excel kwenye kompyuta, simu itakutesa bure. Mshahara unaingia kwa sehemu ya F, PAYE iliyokatwa kwa M, halafu T ndiyo inapiga hesabu, na kama ulifanya kazi mwaka mzima nafuu ya kodi ni 28,800, yaani 2,400 kwa mwezi. Usipoiweka utaona deni kubwa la kutisha ambalo si lako. Ukiona T inakuambia unadaiwa na P9 yako inaonyesha ulikatwa kila mwezi, rudi ukaangalie tarakimu kabla hujatuma.

Faini zangu zilifutwa kwa sababu nilifaili ndani ya ule msamaha wa faini wa KRA, wa kwanza ulikuwa Septemba 2023 hadi Juni 2024, ukarudishwa 27 Desemba 2024 mpaka 30 Juni 2025 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023. Mimi sikuwa na kodi yenyewe ya kulipa, ni faini tupu, kwa hivyo ziliondoka bila kuandika barua yoyote. Dirisha hilo lilifungwa. Kama unalipa faini, tengeneza PRN, yaani namba ya malipo, ndani ya iTax yako mwenyewe kisha lipa kwa M-Pesa kupitia paybill 222222, akaunti ni hiyo PRN. Usimtumie mtu wa saiba pesa kwa namba yake ati atakulipia, hata kama mnajuana.

TCC ilikuja kwa imeili baada ya kila kitu kusoma sufuri, na inadumu miezi 12. Ritani ya 2024 nikaifaili mapema palepale. Risiti zote nimeziweka kwa imeili na nyingine nimeprinti, na kama uko kazini saa hii ombeni HR P9 ya kila mwaka mkiwa bado mnasalimiana.