Ala ya kisu: yenye kifungo au ya kubana yenyewe?

Kila anayeanza kushona ala ya kisu huuliza: niweke kifungo cha kubonyeza, au ngozi ikishike kisu yenyewe?

Ala isiyo na kifungo inategemea ngozi tu. Inataka ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hadi 4. Unailowesha, unaifinyanga kwa vidole juu ya kisu kilichozungushiwa nailoni, kisha inakauka kivulini. Ngozi laini ya mikoba, iliyotiwa kemikali ya kromu, haishiki umbo. Gharama ni ndogo, na kisu hutoka kwa mkono mmoja. Ila ikinyeshewa mara kwa mara hulegea, kisu kikaanza kucheza.

Kifungo, kinachofunga mkanda mdogo wa ngozi juu ya mpini, kina uhakika zaidi: ukipanda mti au ukiendesha pikipiki, kisu hakichomoki. Lakini kinadai kifaa cha kugongea na mkono uliotulia. Kikigongwa upande hupinda, na hapo hakifungi tena. Mimi hutoboa tundu la kifungo kwenye mkanda huo mwisho kabisa, kisu kikiwa ndani, maana mshono hubadilisha vipimo. Karibu na bahari chagua kifungo cha shaba. Cha chuma hupata kutu. Na mkanda ukikaa kwenye njia ya kisu kinapochomolewa, makali huukata.

Zote mbili zinahitaji kipande cha ngozi ndani ya mshono, la sivyo makali yatakula uzi.

Kisu cha bustanini, kinachochomolewa kila dakika, nakishonea ala ya kubana. Cha safari nakiwekea kifungo.