Mchungaji wa kuja au mwalimu mlezi: nani awalee wanafunzi wa bweni?

Katika sekondari za Kasulu, Sikonge au Urambo, magharibi mwa Tanzania, malezi ya kiroho huangukia mmoja wa hawa wawili.

Mchungaji au padri huja siku ya kipindi cha dini. Ana elimu ya theolojia, anabatiza na kutoa sakramenti. Zaidi ya yote, hasahihishi mitihani wala hashiki fimbo, kwa hiyo mwanafunzi humweleza ya moyoni. Udhaifu wake ni barabara. Masika yakikolea pikipiki haipiti, kipindi kinaruka wiki mbili, na viongozi wa UKWATA (umoja wa wanafunzi wa Kiprotestanti) au TYCS (wa wanafunzi Wakatoliki) wanabaki kuhubiriana wenyewe. Hapo ndipo mikesha isiyo na msimamizi na mafungo ya siku tatu bila maji huanza. Dawa: awaachie viongozi masomo manne yaliyoandikwa, na simu ya dharura ibaki kwa matroni.

Mwalimu mlezi yupo kila siku. Anajua nani kafiwa, nani ameacha kula. Lakini ndiye huyohuyo anayekaa kwenye kamati ya nidhamu. Nani atamwungamia wizi wa simu? Tena huelemea dhehebu lake, hata bila kukusudia.

Kwa shule iliyo mbali na lami, mwalimu ashike ratiba, mchungaji ashike ushauri: kwa muda wa saa moja baada ya ibada, chini ya mwembe, yeye na mwanafunzi waonekane lakini wasisikike. Kidato cha nne wapewe nafasi kabla ya mtihani wa Novemba.