Gari la Michezo la Paa la Kukunjwa Lililotumika: Lipi Ununue, Lipi Ulikwepe na Namna ya Kulitunza

Katika magari yote yaliyotumika, gari la michezo lenye paa la kukunjwa ndilo linalomdanganya mnunuzi kwa urahisi zaidi, kwa sababu huonyeshwa likiwa limeng'arishwa na paa limefunguliwa, ilhali ubovu wake mkubwa huletwa na maji na hukaa mahali pasipoonekana. Injini iliyochoka hujitangaza yenyewe kwa moshi na kelele, na fundi mwenye uzoefu ataisikia kabla hata boneti haijafunguliwa. Kutu iliyoanzia ndani ya kingo za chini ya milango haitoi sauti yoyote, na kingo hizo ndizo uti wa mgongo wa gari la aina hii. Gari la kawaida hushikwa pia na paa lake, lakini paa likishaondolewa, kazi yote ya kuzuia bodi isijipinde hubaki kwa sakafu na kingo hizo mbili.

Kwa sababu hiyo, mpangilio nilioufuata hapa haukutazama kasi wala sura. Nimeyapanga magari sita yanayojulikana sana sokoni kwa kuuliza maswali mawili: ugonjwa mkubwa wa gari hilo unaweza kuonekana kabla hujalipa, na ukishaonekana, unatibika bila kumfilisi mwenye gari?

Ukaguzi wa maji kwanza, injini baadaye

Nenda na chupa ya maji ya lita moja. Kwenye magari mengi ya paa la turubai kuna kitundu nyuma ya kila kiti, pale turubai linapokunjikia, ambacho hupokea maji ya mvua na kuyashusha kwa mpira hadi chini ya gari. Fungua paa nusu, mimina maji polepole kwenye pembe hiyo, kisha uchungulie chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Maji yanapaswa kutoka mara moja na kwa wingi uleule uliomimina. Yakidondoka tone tone, mpira umeziba kwa majani na vumbi. Yasipotoka kabisa, ujue yameingia ndani ya kingo au chini ya zulia, na kwamba mvua zote zilizopita zilifuata njia hiyohiyo. Ingiza vidole chini ya zulia nyuma ya viti ubonyeze sponji iliyo chini yake, kwa maana zulia linaweza kuwa kavu juu huku sponji ikiwa imelowa kwa miezi. Inua pia zulia la buti. Palipokuwa na maji hubaki mstari wa matope makavu, hata kama muuzaji ameosha gari vizuri.

Baada ya hapo pitisha kidole gumba kwenye kingo za chini, hasa sehemu iliyo karibu na tairi la nyuma. Rangi iliyovimba kama malengelenge maana yake ni kwamba chuma kimeliwa kutokea ndani na kilichobaki ni ngozi tu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuonyesha palipozibwa kwa puti, kwa sababu haitashika. Kisha omba gari liinuliwe kwa jeki kwenye sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo, ujaribu kufungua na kufunga mlango wa upande huo. Mlango ukigoma kabisa kufunga, au kingo yenyewe ikibonyea juu ya jeki, hakuna haja ya kuendelea kuzungumzia bei.

Paa lenyewe lifungwe na kufunguliwa zaidi ya mara moja, mbele yako, hadi kufuli zote zishike. Mwambie muuzaji mapema asiwashe injini kabla hujafika, na ukifika gusa boneti, kwa kuwa injini iliyopashwa moto huficha kelele za asubuhi na moshi wa kuwasha.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa Mazda MX-5, na sioni gari lingine linaloikaribia kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Ilizinduliwa mwaka 1989 kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, na kufikia mwaka 2016 yalikuwa yameshatengenezwa magari milioni moja. Wingi huo una maana kubwa kwa mnunuzi: vipuri vipo, mafundi wanaijua, na karibu kila ugonjwa wake una tiba inayofahamika. Injini ni ya silinda nne, imewekwa mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma, na nafasi ya kufanyia kazi chini ya boneti inatosha mtu kufanya sevisi mwenyewe.

Imepita vizazi vinne. Cha kwanza, chenye taa za kuinuka, kinapendwa sana na ndiyo maana yaliyo mazima yamepanda bei. Kwenye magari ya miaka ya mwanzo kabisa, hadi takriban 1991, chunguza puli ya mbele ya krenkishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, injini ikiwa inazunguka. Ikiyumba, sehemu ya mbele ya shafti hiyo imelika, na ukarabati wake ni mkubwa. Kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 1998, ndicho chenye bei rahisi na ndicho chenye kutu nyingi zaidi, hasa kwenye mihimili ya mbele ya sasi iliyo chini ya injini. Mihimili hiyo haionekani ukiwa umesimama, kwa hiyo usikubali kununua kizazi hiki bila gari kuinuliwa. Vizazi hivi viwili hutumia mkanda wa taimingi, unaooanisha mzunguko wa krenkishafti na valvu, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi au mapema zaidi ikiwa umezeeka, na ni vyema pampu ya maji ibadilishwe siku hiyohiyo, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Kizazi cha tatu, cha kuanzia mwaka 2005, ndicho ninachompendekezea mtu anayetaka gari la kutumia kila siku. Kina cheni ya taimingi badala ya mkanda, kina nafasi zaidi kwa dereva mrefu, na kilipatikana pia kwa paa gumu la kukunjwa kwa umeme. Wapenzi wa vizazi vya kwanza hukilaumu kwa kuwa kizito na laini, na lawama hiyo ina ukweli kidogo, lakini imesaidia kushusha bei ya gari zuri. Cha nne, cha mwaka 2015, kimerudi kwenye wepesi wa zamani. Ikiwa mfuko unaruhusu, hakina mpinzani.

Ya pili ni Honda S2000, iliyouzwa kati ya mwaka 1999 na 2009. Injini yake ya lita 2.0 hufika mizunguko 9,000 kwa dakika na hutoa nguvu za farasi 240 bila turbo, jambo ambalo magari machache sana ya barabarani yamewahi kulifanya. Ni injini imara kwa mtu anayeijazia oili kwa wakati, kwa kuwa hula oili kiasi, na dereva asiyepima kwa kijiti kila wiki atakuja kuiua. Kelele ya mchakacho inayotoka mbele ya injini mara nyingi ni kikaza cheni, ambacho hubadilishwa bila gharama ya kutisha. Hatari kubwa ni dereva aliyekosea akarudisha gia ya chini gari likiwa kasi, kwani hapo vishikizi vya valvu hupasuka. Omba mgandamizo wa silinda zote nne upimwe, na matokeo yakipishana sana, achana nalo. Kilichoinyima nafasi ya kwanza ni bei yake, ambayo imepanda sana, pamoja na wingi wa magari yaliyobadilishwabadilishwa na wamiliki vijana. Lipa zaidi upate ambalo halijaguswa.

Nafasi ya tatu ni ya Toyota MR2 ya kizazi cha mwisho, iliyoitwa MR-S huko Japani na kuuzwa kuanzia mwaka 1999. Injini ipo katikati, nyuma ya viti. Uzito ni takriban kilo 1,000 tu. Nayo huendeshwa kwa raha isiyolingana na bei yake. Lakini magari ya miaka ya mwanzo yana ugonjwa wa aina yake: ringi za pistoni hupitisha oili, oili hiyo huharibu masega madogo ya kusafisha moshi yaliyo karibu na mlango wa moshi wa injini, masega humeng'enyeka, na vumbi lake hufyonzwa tena kwenye silinda na kuzisaga. Waulize wamiliki kama masega hayo yalishaondolewa au ekzosi ya mbele kubadilishwa, na tafuta gari la baada ya mwaka 2002. Ujue pia kwamba buti halipo kabisa. Kuna nafasi ndogo nyuma ya viti inayotosha begi moja laini.

Porsche Boxster ninaiweka ya nne, ingawa kwa uendeshaji tu ingeweza kuwa ya kwanza. Injini za tangu mwaka 1996 hadi 2008 zina beringi ya shafti ya kati ambayo ikivunjika huangamiza injini nzima, tena bila onyo la kutosha. Ndiyo maana imeshuka: ugonjwa wake mkubwa hauonekani kwa macho. Njia iliyopo ni kukata kichujio cha oili na kutafuta chembe za chuma, na kudai risiti inayoonyesha kwamba beringi ilibadilishwa pale klachi ilipofunguliwa. Magari yaliyofanyiwa maboresho ya mwaka 2009 yana injini mpya isiyo na shafti hiyo, na hayo ningeyapandisha hadi nafasi ya pili bila kusita. Kwenye Boxster yoyote, chungulia kwa tochi ndani ya matundu ya bampa la mbele, kwani majani hurundikana mbele ya rejeta na kuzitoboa. Mitundu ya paa ikiziba, maji hufikia kifaa cha umeme kilicho chini ya kiti, na gari hukataa kuwaka.

Kuhusu BMW Z4 ya kwanza, ya mwaka 2002 hadi 2008, nitakuwa mfupi. Injini zake za silinda sita ni tamu na zinadumu iwapo sehemu za plastiki za mfumo wa kupoza hubadilishwa kabla hazijapasuka. Pampu ya paa la umeme, hata hivyo, imewekwa chini kabisa ndani ya kisima cha paa, mahali maji hukusanyika mpira ukiziba, na huzama. Paa linalokwenda polepole au kunguruma ni ishara tosha.

Ya mwisho ni Mercedes-Benz SLK ya mwaka 1996 hadi 2004. Paa lake la chuma la kukunjwa lilikuwa jambo la kustaajabisha lilipotoka, nalo huipa gari usalama na utulivu ambao turubai haliwezi kuutoa. Lakini mitungi ya haidroliki ya paa huvuja mafuta kadiri mpira unavyozeeka, kutu hushika mabawa ya mbele, na thamani ya gari imeshuka kiasi kwamba wamiliki wengi huacha kulitengeneza. Inunue tu kwa mtu mwenye risiti zote.

Matunzo baada ya kununua

Safisha mitundu ya maji kila baada ya miezi mitatu kwa waya laini wa plastiki au brashi nyembamba ndefu. Usitumie upepo wa kompresa kwa nguvu, kwani unaweza kuchomoa mpira kwa ndani na usijue. Turubai lioshwe kwa maji, sabuni laini na brashi laini kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, bila mashine ya maji ya kasi, kisha lipakwe dawa ya kuzuia maji mara moja au mbili kwa mwaka. Lisikunjwe likiwa limelowa, kwa sababu litaota ukungu. Kama dirisha la nyuma ni la plastiki na lina zipu, lifungue kabla ya kushusha paa, hasa wakati wa baridi, maana plastiki iliyokakamaa hupasuka kwenye mkunjo. Mipira ya milango na madirisha ipakwe silikoni. Ikikauka, ndipo maji na kelele za upepo huingia.

Magari haya mara nyingi hutembea kilomita chache kwa mwaka, na hapo wamiliki wengi hujidanganya. Oili ibadilishwe kila mwaka hata kama kilomita hazijatimia, na mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hufyonza unyevu. Tairi lenye kashata nene linaweza kuwa limezeeka: soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka wa kutengenezwa. Likizidi miaka sita anza kulitilia shaka, na likifika kumi liondoe hata kama linaonekana jipya.

Gari likilazwa kwa muda mrefu, liache paa likiwa limefungwa ili turubai lisishike mikunjo, tairi zikiwa na upepo wa kutosha na betri ikiwa imeunganishwa na chaja ya kulindia chaji. Katika MX-5 za vizazi viwili vya kwanza betri imo ndani ya buti na ina mpira wa kutolea gesi nje. Atakayeweka betri ya kawaida bila mpira huo atakuta asidi imekula chuma cha buti. Na kabla hujatumia fedha zako zote kwenye bei ya kununulia, tenga ya kutosha kwa oili zote, maji ya rejeta, mkanda kama upo, betri na tairi nne, kwa sababu gari lolote kati ya haya sita litayadai ndani ya mwaka wa kwanza.