MilTax: waliotuuliza maswali ambayo hatukuwahi kuulizwa

Miaka miwili mfululizo tulimlipa mtu atujazie ritani, yaani fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka. Mara ya mwisho alitutoza dola 340, tukashukuru, tukaondoka. Kisha jirani yangu, ambaye mumewe naye ni mwanajeshi, akaniuliza, "Mama Imani, hiyo hela mnampa ya nini? Si kuna MilTax?"

Jina hilo sikuwa nimelisikia. Ni huduma ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, inapatikana kupitia Military OneSource, kituo cha wizara hiyo cha kusaidia wanajeshi na familia zao, na hulipi hata senti. Hufunguliwa katikati ya Januari na kufungwa katikati ya Oktoba. Kuna programu ya kujazia ritani ya shirikisho na za majimbo hadi matatu, na kuna washauri wa kodi unaoongea nao kwa simu. Mshahara wenu uwe mdogo au mkubwa, mnahudumiwa. Hata aliyestaafu au kuacha jeshi anahudumiwa hadi siku 365 baada ya kutoka.

Hao washauri ndio walionifanya niandike. Baba Imani alikuwa Kuwait miezi minane, na kwenye W-2 yake, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, kisanduku cha 12 kilikuwa na herufi Q na kiasi kikubwa pembeni. Nilidhani wamekosea. Mshauri akanieleza taratibu kwamba huo ni mshahara wa eneo la vita: kwa askari asiye ofisa hautozwi kodi ya shirikisho, na hata akikaa huko siku moja tu, mwezi wote unahesabiwa. Akaongeza jambo ambalo nisingelijua kamwe. Ukikokotoa ile nafuu ya kodi ya wenye kipato cha chini, EITC, una hiari ya kuuhesabu mshahara huo au kuuacha, kwa hiyo piga hesabu zote mbili ndipo uchague. Nilizipiga. Kwetu sisi, kuuhesabu kulituongezea rejesho.

Halafu akaniuliza, "Mumeo ni mkazi wa kisheria wa jimbo gani?" Texas, nikamjibu. Huko ndiko tulikooana na tulikokuwa tukiishi kabla jeshi halijatuleta Oak Grove, Kentucky, karibu na lango la Fort Campbell. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Kentucky ilikuwa inakata kodi yake kwenye kila hundi yangu. Kumbe tangu 2009 kuna sheria inayomlinda mke au mume wa mwanajeshi: kama uko katika jimbo hilo kwa sababu tu umemfuata mwenzako aliyepangiwa kazi huko, unaweza kubaki mkazi wa jimbo lenu, na mshahara wako usitozwe kodi na hilo mlilohamia. Texas haina kodi ya mshahara. Zaidi ya dola elfu moja zilikuwa zimekatwa mwaka ule peke yake! Yule tuliyekuwa tunamlipa hakuwahi kutuuliza swali hilo, na hilo liliniuma kuliko zile dola 340.

Pesa za mwaka huo tulirudishiwa. Ritani ya mwaka wa nyuma ilibidi irekebishwe, na hiyo tulisaidiwa bure na wahudumu wa VITA, mpango wa kujitolea wa kusaidia watu kujaza ritani, ambao hufaulu mitihani ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kabla ya kugusa ritani ya mtu. Nawashukuru kwa moyo wote.

Lakini ujue kwamba mshauri wa MilTax anakueleza tu, kujaza unajaza mwenyewe. Mimi zilinichukua jioni mbili watoto wakiwa wamelala. Ingia kupitia tovuti ya Military OneSource yenyewe, usitafute programu ya kodi huko mitaani, la sivyo utaombwa kadi ya benki. Kaa na W-2 zote (ya mwanajeshi iko myPay, tovuti ya mishahara ya jeshi), kadi za Social Security za kila mtu na ritani ya mwaka uliopita. Kama mtaenda VITA na mume yuko mbali, hati ya uwakilishi, ya kukuruhusu kumsainia, iandaliwe kabla hajasafiri.

Kazini nimeshapeleka fomu ya K-4, inayomweleza mwajiri kuhusu makato ya kodi ya Kentucky. Hundi ya Ijumaa iliyopita ilikuja bila makato ya Kentucky, nikampigia Baba Imani simu nikiwa bado kwenye maegesho.