Rimu za Aloi Zilizokarabatiwa kwa Magari ya Kasi: Zipi za Kuaminiwa na Zipi za Kuachwa

Rimu ya aloi iliyotoka kupigwa rangi haimwelezi mnunuzi lolote kuhusu nguvu yake, kwa sababu rangi hushika sawasawa juu ya metali nzima na juu ya metali yenye ufa. Katika gari la mwendo wa wastani, chaguo baya huenda likaishia kwenye tairi linalopungua upepo kila baada ya siku chache. Gari la kasi huitaka rimu kazi nyingine kabisa. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 hivi huzunguka mara 500 katika kila kilomita, yaani mara milioni 5 katika kilomita 10,000, na kila mzunguko huikunja metali kwa kiasi kidogo mno pale spoku zinapoungana na pipa la rimu, yaani duara la nje linalobeba tairi. Kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa, mikunjo hiyo hufikia takriban 35 katika sekunde moja. Alumini, tofauti na feleji, haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki kamwe. Kila mkunjo huongezwa kwenye hesabu, na koti jipya la rangi haliifuti hesabu hiyo.

Kwa sababu hiyo sizipangi rimu hapa kwa uzuri wake. Ninazipanga kwa maswali mawili ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha: metali ilipatwa na nini kabla ya kufika kwa fundi, na fundi mwenyewe aliipasha joto kiasi gani.

Swali la joto linahitaji maelezo, maana ndilo linalosahauliwa zaidi. Rimu nyingi za kiwandani husubiwa kwa aloi ya alumini yenye silikoni na magnesiamu kidogo. Baada ya kutoka kwenye kalibu, hupashwa moto wa karibu nyuzi 540 za Selsiasi, hupozwa ghafla, kisha hurudishwa katika oveni yenye joto la wastani, kama nyuzi 150 hadi 180, kwa saa kadhaa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoikomaza metali na kuifikisha katika hali ambayo wahandisi huiita T6. Sasa tazama kazi ya mkarabati: rangi ya unga, inayopulizwa ikiwa kavu kisha ikayeyushwa kwenye oveni, huokwa kwa nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20. Uokaji mmoja ndani ya mipaka hiyo hauleti madhara makubwa. Lakini oveni isiyopimwa joto lake sawasawa, au rimu iliyookwa mara tatu au nne na mafundi tofauti, huipeleka metali mbele ya ukomavu wake, na hapo huanza kulainika bila kurudi nyuma. Baya zaidi ni mwali wa gesi. Alumini haiwi nyekundu inapopata moto kama feleji, kwa hiyo fundi anayeipasha kwa mwali bila kipimajoto hana namna ya kujua kuwa amepitiliza.

Nafasi ya kwanza naipa rimu mpya, ama ya mtengenezaji wa gari, ama ya mtengenezaji mwingine aliyeipitisha katika vipimo vinavyotambuliwa. Najua msomaji amekuja kutafuta rimu iliyokarabatiwa, lakini itakuwa si haki kumficha kwamba kwa gari linalopelekwa kwenye uwanja wa mashindano, hata kama ni siku chache tu kwa mwaka, sioni hoja ya kununua kitu kingine. Nyuma ya rimu tafuta alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na ikiwezekana VIA pamoja nayo, ambayo huonyesha kuwa rimu imethibitishwa na chombo huru cha huko, au namba ya idhini ya Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 124, inayohusu rimu za badala za magari ya abiria. Vipimo vya aina hii huikunja rimu mara nyingi mfululizo na kuigonga kwa uzito kutoka juu. Rimu ya kuiga isiyo na alama yoyote, hata ikiwa mpya kabisa, naiweka chini ya rimu halisi iliyokarabatiwa vizuri.

Nafasi ya pili ni rimu halisi ambayo historia yake inajulikana, na bora zaidi ikiwa ni yako mwenyewe, iliyokwaruzwa ukingoni wakati wa kuegesha, kisha ikavuliwa rangi na kupakwa upya kwa mara ya kwanza. Ukarabati huu ni wa sura tu, na ndio pekee ninaoupendekeza bila wasiwasi. Hata hivyo, zingatia mambo mawili. La kwanza ni namna rangi ya zamani ilivyoondolewa. Kupuliza mchanga au chembe za chuma kwa nguvu nyingi huitandaza metali ya juu na kuifunika midomo ya nyufa ndogo, kiasi kwamba kipimo cha rangi inayopenya, ambacho kazi yake ni kuzifichua nyufa hizo, hakioni kitu. Fundi makini huvua rangi kwa kemikali zinazofaa alumini, hupima nyufa rimu ikiwa tupu, na ndipo huanza kupaka.

La pili ni rangi kuingia mahali isipotakiwa. Uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, na vikalio vya nati vinapaswa kuwa metali tupu, au viwe na koti jembamba lile lile la kiwandani. Rangi ya unga ni nene, nayo husinyaa ikibanwa na ikipata joto la breki, ambalo katika gari la kasi ni kubwa kwa sababu diski hupita nyuzi 500 katika matumizi mazito. Rangi ikisinyaa, mkazo wa nati hupungua hata kama zilikazwa ipasavyo siku ya kwanza. Nimewahi kushika rimu inayong'aa kama kioo ambayo vikalio vyake vyote vitano vilikuwa vimejaa rangi, na aliyeiuza alidhani ni ishara ya kazi safi. Ningeikataa rimu hiyo hata kwa bure mpaka vikalio visafishwe bila kubadilishwa umbo.

Nafasi ya tatu ni rimu za vipande vitatu, kama zile zilizompa sifa mtengenezaji wa Kijerumani BBS. Hapa ukarabati mzuri una maana tofauti: pipa lililopinda halinyooshwi, linaondolewa na kuwekwa jipya, huku sehemu ya katikati ikibaki. Sharti ni kwamba pipa liwe la vipimo sahihi, boliti za kuunganisha ziwe mpya na zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, na mshono uzibwe upya ili upepo usivuje.

Baada ya hapo zinakuja rimu zenye uso uliokerezwa kwa mashine ya kompyuta ili ung'ae kwa mistari myembamba. Kila ukerezaji huondoa sehemu za milimita za metali ya mbele, na metali hiyo hairudi, hivyo rimu moja haiwezi kukerezwa zaidi ya mara chache. Uliza imekerezwa mara ngapi. Asiyejua idadi asipewe fedha yako. Vanishi ya juu yake pia ni dhaifu, maji hupenya kwenye jiwe la kwanza litakaloruka, na utaona weupe ukitambaa chini yake.

Seti za kubadilishana, ambazo muuzaji huchukua rimu zako na kukupa nyingine zilizokwisha kukarabatiwa, naziweka nafasi ya tano, kwa kuwa hujui zilikotoka. Kama huna njia nyingine, geuza kila rimu na usome maandishi ya nyuma: upana, ET (umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu), uwezo wa mzigo, na tarehe ya kutengenezwa. Magari mengi ya kasi yana rimu pana zaidi nyuma kuliko mbele, na seti iliyokusanywa kutoka magari mawili huweza kufanana kwa macho tu. Uwezo wa mzigo usipungue nusu ya uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli husika.

Rimu iliyonyooshwa ipo karibu na mwisho. Matairi ya magari haya yana ukuta mfupi, kwa hiyo shimo la barabarani huipiga rimu moja kwa moja, na mara nyingi huumia ukingo wa ndani, usioonekana gari likiwa limesimama. Metali iliyopinda imekwisha kuvuka kikomo chake mara moja. Kuinyoosha ni kuivusha tena. Mkunjo mdogo wa ukingo wa ndani, ulionyooshwa polepole kwa shinikizo na kupimwa nyufa baadaye, unaweza kuvumilika kwenye gari la matumizi ya kawaida. Kwenye gari linaloendeshwa kwa kasi mimi siuchukui.

Rimu iliyochomelewa haina nafasi kabisa. Kando ya mshono, joto la kuchomelea hufuta ule ukomavu wa oveni, na aloi ya kufuliwa aina ya 6061 katika hali ya T6 hupoteza kiasi cha nusu ya uwezo wake wa kuhimili mzigo bila kupinda. Chunguza ndani ya pipa kwa tochi: mstari uliosagwa, kibonyeo kisicho na sababu, au sehemu yenye mng'ao tofauti ni dalili ya kutosha kuondoka. Rimu za nyuzi za kaboni, kama zile zilizokuja na Ford Mustang Shelby GT350R, hazipaswi kutengenezwa nje ya kiwanda chake.

Kabla ya kulipa, omba rimu iwekwe kwenye mashine ya kusawazisha bila tairi na ipimwe kuyumba kwake kwa kipimo chenye mshale na uso kama wa saa, juu-chini na pembeni. Ikizidi milimita 1, iache. Omba pia kuandikiwa joto na muda wa uokaji. Fundi anayefuatilia oveni yake hatapata tabu kukuandikia.

Siku ya kufunga, safisha habu hadi metali ionekane na ukaze nati kwa spana inayopima mkazo kufuatana na kitabu cha gari, kisha uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Zikiwa zimelegea kidogo mara hiyo ya kwanza, zikaze na urudie ukaguzi baada ya umbali kama huo. Zikilegea mara ya pili, toa rimu na utazame vikalio vyake kabla ya kuliendesha gari tena.